Kauboi Alikuwa Kibarua

Nianze na kofia, kwa sababu kofia ndiyo iliyotuchanganya. Nenda klabu yoyote ya Nairobi yenye usiku wa kantri utaiona: ukingo mpana, utosi uliobonyezwa, imekaa juu ya kichwa cha msee aliyetoka kazini saa kumi na moja na ambaye kesho saa mbili lazima awe amerudi. Sina neno na kofia hiyo. Kantri ni yetu kitambo. Wazazi wetu waliisikiliza redioni, na Sir Elvis ameiimba hapa nyumbani hadi hakuna anayeuliza tena Mkenya anatafuta nini huko. Mimi nagombana na hadithi inayouzwa pamoja na kofia. Ati kauboi alikuwa mtu huru. Ati hakuwa na mdosi. Ati alikuwa na farasi wake, bastola yake na mbuga isiyo na mwisho, na jua likitua anaondoka zake bila kumuaga mtu.

Wacha niseme waziwazi. Kauboi alikuwa kibarua. Alilipwa kwa mwezi, aliachishwa kazi safari ilipoisha, na akiumia njiani ilikuwa shauri yake. Ng'ombe hawakuwa wake. Mara nyingi hata farasi aliyempanda hakuwa wake. Na alipoungana na wenzake kudai nyongeza, alifanyiwa kile ambacho vibarua wote hufanyiwa.

Mbona nijisumbue na watu walioifanya kazi hiyo zaidi ya miaka mia iliyopita, tena Marekani? Kwa sababu hadithi yao bado inafanya kazi, na inafanya kazi hapa kwetu. Kila unaposikia kijana akiambiwa "jiajiri, kuwa mdosi wako mwenyewe", huku pikipiki ni ya mkopo na bei ya safari inapangwa na programu ya simu, hiyo ni hadithi ya kauboi. Imevuliwa kofia ikavishwa helmeti.

*

Tuanze na pesa, maana filamu hazianzi hapo kamwe.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoisha mwaka 1865, Texas ilikuwa jimbo lililosota lakini lenye mamilioni ya ng'ombe. Walikuwa ng'ombe wa pembe ndefu, kizazi cha wale walioletwa na Wahispania, walioachwa wakazurura na kuzaana porini wakati wanaume wako vitani. Huko Texas ng'ombe mmoja alikuwa na thamani ya kama dola 4. Kwenye miji ya kaskazini na mashariki, ambako viwanda vilikuwa vinakua na watu walitaka nyama, huyohuyo angeweza kufika dola 40. Shida ilikuwa moja tu: hakukuwa na reli ya kumtoa Texas hadi huko. Basi ng'ombe ilibidi atembee.

Mwaka 1867 mfanyabiashara mmoja kutoka Illinois, Joseph McCoy, alijenga mazizi makubwa kando ya reli katika kijiji cha Abilene, jimbo la Kansas, kisha akatangaza kwamba soko limefunguliwa. Njia iliyoelekea huko ikaja kuitwa Chisholm, kwa jina la Jesse Chisholm, mchuuzi mwenye damu ya Kicherokee ambaye magari yake ya kukokotwa yalikuwa yameshachora sehemu ya njia hiyo. Kwa miaka kama 20, mamilioni ya ng'ombe walipita njia hiyo na nyingine za aina yake. Hicho ndicho kipindi chote cha kauboi tunayemjua. Miaka 20 tu. Hakifiki hata umri wa matatu kadhaa ninazozijua.

Sasa fanya hesabu nami. Msafara wa kawaida ulikuwa na ng'ombe kati ya 2,500 na 3,000. Waliwaswaga makauboi kama 10, pamoja na mpishi, kijana wa kuchunga farasi wa akiba, na mnyapara wa msafara. Kauboi wa kawaida alipata kati ya dola 25 na 40 kwa mwezi. Mnyapara alipata kama dola 100, na mpishi alimzidi kauboi. Safari ilichukua miezi miwili hadi mitatu. Tuseme watu 10 kwa dola 30, miezi mitatu: dola 900. Ongeza mnyapara dola 300, ongeza mpishi dola 150. Jumla ni dola 1,350 kwa kuwafikisha ng'ombe 3,000. Hiyo haifiki hata nusu dola kwa kila ng'ombe.

Tuseme sasa mwenye ng'ombe hakupata ile bei kubwa ya mijini. Tuseme aliwanunua kwa dola 4 na kuwauza Abilene kwa 20. Tofauti ni dola 48,000. Walioswaga, waliokesha, waliovuka mito, walipata chini ya senti 3 katika kila dola moja ya tofauti hiyo. Najua mwenye mali naye alikuwa na hatari zake. Ng'ombe walikufa njiani, na mwaka 1873 mabenki yalipoanguka, wafanyabiashara wengi wa ng'ombe walifilisika kabisa. Sawa. Lakini mwenye mali alihatarisha pesa. Kauboi alihatarisha mbavu zake, na kwa mbavu hakuna soko linalopanda tena mwaka unaofuata.

*

Kazi yenyewe ilikuwaje?

Ng'ombe 3,000 wakitembea hawaendi kama gwaride. Wanajinyoosha kama mto, kilomita moja au zaidi kutoka mbele hadi nyuma. Wawili wenye uzoefu walikaa mbele kuongoza. Wengine walipangwa ubavuni, kushoto na kulia, kuzuia ng'ombe wasitawanyike. Na nyuma kabisa, kwenye mkia, waliwekwa wageni wa kazi, wadogo na wasio na mtu wa kuwatetea. Kazi yao ilikuwa kusukuma ng'ombe vilema, wavivu na wagonjwa. Miguu elfu kumi na mbili imeshapita mbele yao, na vumbi lote ni lao. Kile kitambaa cha shingoni tunachokiona kwenye filamu kama pambo kilikuwa barakoa. Jioni mtu wa mkiani alikohoa na kutema rangi ya barabara.

Walienda kilomita 16 hadi 24 kwa siku. Kwa nini polepole hivyo? Kwa sababu ng'ombe alitakiwa afike akiwa amenona. Alipangiwa muda wa kula, muda wa kunywa na muda wa kupumzika. Mwendo wa msafara mzima ulipimwa kwa afya ya ng'ombe. Afya ya mtu haikupimwa na yeyote.

Usiku kazi haikuisha. Kundi lililalishwa mahali pa wazi, na makauboi walilizunguka kwa zamu za kama saa mbili, wawili wawili, wakipishana gizani. Waliimba. Hapa ndipo sehemu ya zile nyimbo tunazoziita za kimahaba zilipopigiwa zoezi: kwenye zamu ya usiku. Sauti ya mtu inayojulikana ilimtuliza ng'ombe na kumjulisha kwamba kinachosogea gizani si puma wala mbwamwitu. Wimbo ulikuwa kifaa cha kazi, kama filimbi ya bawabu. Ukiongeza zamu juu ya kutwa nzima juu ya tandiko, unapata mtu anayelala saa nne au tano, viatu miguuni, ardhini. E. C. Abbott, aliyejulikana kama Teddy Blue, alifanya kazi hii akiwa kijana na kumbukumbu zake zikachapishwa mwaka 1939. Anasimulia kwamba watu walijipaka maji ya tumbaku machoni ili usingizi usiwashinde. Soma sentensi hiyo tena, kisha uniambie kuhusu uhuru.

Walichokesha wakikiogopa ni kundi kukurupuka. Radi moja, tawi kuvunjika, sufuria kuanguka, na ng'ombe elfu tatu wanaamka kwa sekunde ileile na kutimua mbio upande mmoja. Kauboi alipaswa kuruka juu ya farasi na kukimbia nao kwenye giza totoro, ardhi yenye mashimo na makorongo, hadi awafikie wa mbele na kuwapindisha wajizungushe. Farasi akikanyaga shimo, basi. Mguu ukinasa kwenye kikuku cha tandiko, mtu aliburutwa. Mbugani hakuna mti wala mwamba wa kujificha, kwa hivyo radi yenyewe pia iliua watu na farasi.

Halafu mito. Kutoka kusini mwa Texas hadi Kansas ni zaidi ya kilomita elfu moja, na njiani kuna Colorado ya Texas, Brazos, Red River, Washita, Canadian, Cimarron na Arkansas. Madaraja yalikuwa nadra. Mvua ikinyesha, mto uliokuwa wa kufika magotini unakuwa wa kumeza farasi. Makauboi wengi hawakujua kuogelea, na viatu virefu na nguo nzito havimsaidii mtu kuelea. Waliokufa walifungwa kwenye blanketi wakafukiwa hapohapo, karibu na njia, na msafara ukaendelea. Hakuna fidia. Hakuna barua ya kampuni kwa mama. Wengi walikuwa vijana wa miaka ya ishirini, na wengine hata ishirini hawajafika.

Na chakula? Charles Goodnight, mwenye ng'ombe wa Texas, ndiye anayesifiwa kwa kubuni gari la jikoni la msafara mwaka 1866: gari la kukokotwa lenye kabati nyuma, ndani mna maharagwe, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, unga, hamira chachu na kahawa. Maharagwe leo, maharagwe kesho. Watu waliozungukwa na ng'ombe elfu tatu walikula nyama ya ng'ombe kwa nadra, maana kila ng'ombe alikuwa na chapa ya mtu na bei ya mtu. Ukiwahi kufanya kazi jikoni kwenye hoteli kubwa halafu ukarudi keja kula sukuma, unalielewa jambo hili bila kuelezwa.

*

Tuongee kuhusu hao watu walikuwa nani, kwa sababu hapo hadithi ya filamu inatudanganya mara ya pili.

Kazi ya kuchunga ng'ombe juu ya farasi haikubuniwa na Mmarekani mweupe mwenye macho ya bluu. Aliikuta. Wachungaji wa Mexico, waliotoka katika damu ya Kihispania, ya wenyeji wa asili na ya Waafrika, walikuwa wameshaifanya kwa vizazi. Maneno yenyewe yanashuhudia: ranchi ni neno la Kihispania, rodeo ni neno la Kihispania, hata jina la ile kamba ya kitanzi limetoka huko. Na ukihesabu Wamexico na watu weusi pamoja, wanahistoria wengi wanakadiria walikuwa kama thuluthi moja ya makauboi wote wa misafara. Weusi wengi walikuwa wamezaliwa utumwani, na kazi ya ng'ombe waliijua kwa sababu waliifanya wakiwa mali ya mtu.

Mchukue Bose Ikard. Alizaliwa mtumwa katika miaka ya 1840, akapata uhuru baada ya vita, akaenda safarini na Goodnight huyohuyo wa gari la jikoni. Goodnight alimwamini kuliko mtu yeyote. Alimpa abebe maelfu ya dola za msafara katika nchi iliyojaa majambazi. Ikard alifariki mwaka 1929, na Goodnight akamjengea jiwe la kumbukumbu lenye maneno ya kumsifu kwa uaminifu wake. Hadithi hii husimuliwa kama ushahidi wa urafiki, na sikatai kwamba walipendana. Ila naangalia mgao. Goodnight alikuja kuwa mshirika katika ranchi ya JA, iliyofika zaidi ya ekari milioni moja katika miaka ya 1880. Ikard aliishia na jiwe.

Na pesa za kuanzisha JA zilitoka wapi? Mshirika wa Goodnight alikuwa John George Adair, tajiri aliyekuwa na ardhi Ireland. Mwaka 1861, kule Derryveagh, Adair aliwafukuza wapangaji wake zaidi ya 240 kutoka nyumba zao. Kwa hiyo ile mbuga ya uhuru ilikuwa na mdosi, na mdosi huyo alikuwa mwenye nyumba mbaya kabla hajawa mwenye ng'ombe.

Atatokea mtu wa kuniambia kwamba safarini, angalau, mweusi na mweupe walikula sufuria moja na kulipwa sawa. Kuna ukweli. Mto haubagui, na mtu anayekuokoa kwenye kundi lililokurupuka huwezi kumdharau asubuhi. Mara nyingi mishahara ya makauboi weusi ililingana na ya wenzao. Lakini kumbukumbu za wakati huo zinaonyesha pia nani alitumwa kwanza kupima kina cha mto, na nani alipewa farasi mkali ili amchoshe kabla mwenzake hajampanda. Na kuwa mnyapara? Mweusi alifika huko kwa nadra sana, hata akiwa anaijua kazi kuliko wote. Nat Love, mmoja wa makauboi weusi waliojulikana zaidi, aliyeandika maisha yake mwaka 1907, aliiacha mbuga akaenda kuwahudumia abiria kwenye treni. Reli ilikuja, ikala kazi yake, kisha ikampa sare.

Na mbuga yenyewe haikuwa tupu. Misafara ilipita katika ardhi ya Wacherokee, Wachoctaw na Wachickasaw, ambao walidai ushuru kwa kila ng'ombe anayepita, na filamu zikawageuza wenye nyumba kuwa wezi wa njiani. Ranchi kubwa za kaskazini mwa Texas zilianzishwa baada ya jeshi kuwashinda Wakomanche mwaka 1875 na wawindaji kuwamaliza nyati waliokuwa chakula chao. Msomaji wa Kenya hahitaji ramani hapa. Wamaasai walihamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911, walowezi wakaweka ng'ombe wao walipokuwa ng'ombe wa wenyewe. Kwanza ardhi inaondolewa watu, halafu inaitwa pori, halafu inaitwa ranchi, halafu inapigwa picha nzuri.

*

Sasa sehemu ninayoipenda, na ambayo sijaiona kwenye filamu hata moja niliyotazama.

Kufikia miaka ya 1880 ng'ombe walikuwa biashara ya kampuni. Pesa ziliingia kutoka New York, Chicago, London na Scotland. Ranchi ya Matador ilinunuliwa mwaka 1882 na wawekezaji wa Dundee. Ranchi ya XIT ilipata ekari milioni 3 za Texas kama malipo ya kujenga jengo la serikali la jimbo pale Austin. Wenye mali sasa walikuwa watu ambao hawajawahi kukalia tandiko.

Zamani kidogo, kauboi angeweza kulipwa sehemu ya mshahara kwa ndama, au akapiga chapa yake kwenye ndama asiye na mwenyewe, na polepole akawa na kundi lake dogo. Hiyo ndiyo ilikuwa ngazi. Kampuni ziliiondoa. Zilikataza mfanyakazi kumiliki ng'ombe. Kanuni za XIT zilimkataza pia pombe, kamari na kubeba bastola. Naam, bastola. Kauboi wa kweli alikatazwa silaha na mwajiri, na alipofika miji ya reli kama Abilene na Dodge City akakuta sheria zinazomwambia aiache. Mwanahistoria Robert Dykstra alihesabu mauaji katika miji mitano ya ng'ombe ya Kansas kati ya 1870 na 1885, akapata 45 kwa jumla. Kwenye filamu wanakufa wengi hivyo kabla hujamaliza bisi zako.

Basi mwaka 1883, huko kaskazini mwa Texas, makauboi waligoma. Kiongozi wao alikuwa Tom Harris wa ranchi ya LS. Watu 24 walitia saini tangazo kwamba hawatafanya kazi chini ya dola 50 kwa mwezi, na kwamba mpishi mzuri naye apate dola 50. Wengine wakajiunga kutoka ranchi jirani, na walichagua majira ya kuchipua, wakati ng'ombe wanakusanywa na kazi haiwezi kungoja. Walijua nguvu yao iko wapi. Watu hawa waliitwa wajinga wa mbugani, na walipanga mgomo vizuri kuliko watu wengi wenye shahada.

Walishindwa. Wenye ranchi walifuta watu kazi, wakaleta vibarua wengine, wakasubiri. Wagomaji walikuwa na akiba ya miezi michache, na akiba iliisha. Baadaye majina yao yalijulikana, na wengi hawakupata kazi tena katika ranchi za eneo hilo. Baadhi walioanza vikundi vyao vidogo vya ng'ombe waliitwa wezi. Mwaka 1884 wenye ranchi walilipia kikosi cha watu wenye bunduki, kikiongozwa na Pat Garrett, yule aliyemuua Billy the Kid. Huko Wyoming mambo yalikwenda mbali zaidi: mwaka 1892 matajiri wa ng'ombe waliwaleta wauaji wa kulipwa kwa treni, na miongoni mwa waliouawa alikuwa Nate Champion, mtu aliyethubutu kuwa na ng'ombe wake mwenyewe.

Uliza kwa nini hatujui jina la Tom Harris lakini tunamjua Billy the Kid. Mwizi mmoja ni burudani. Watu 24 wenye karatasi yenye saini ni tishio.

*

Hadithi ya mtu huru ilianza kuuzwa wakati uleule. Mwaka huohuo wa mgomo, 1883, William Cody, Buffalo Bill, alianzisha maonyesho yake ya farasi na risasi, na mwaka 1887 akayapeleka London mbele ya Malkia Victoria. Reli zilikuwa zimeshafika Texas. Waya wa seng'enge, uliosajiliwa na Joseph Glidden mwaka 1874, ulikuwa umefunga mbuga. Majira ya baridi ya 1886 na 1887 yaliua ng'ombe wengi sana kaskazini hivi kwamba kampuni nyingi zilianguka. Kazi yenyewe ilikuwa inakufa, na maiti ikavishwa suti. Zikafuata riwaya, zikafuata filamu, kisha katika miaka ya 1950 tangazo la sigara. Hata ile kofia maarufu ya John B. Stetson ilitoka kiwandani Philadelphia, mashariki kabisa, ikiwa na jina linalomaanisha Mdosi wa Mbuga. Mdosi wa mbuga alikuwa na kofia hiyo, ndiyo. Kauboi aliyeinunua alikuwa ameilipia kwa mshahara wa majuma kadhaa.

Najua pingamizi kubwa. Teddy Blue mwenyewe aliipenda kazi ile na aliisimulia kwa fahari hadi uzeeni. Wengi walijivunia. Je, mimi ni nani wa kuwaambia walinyanyaswa? Jibu langu ni kwamba mtu anaweza kupenda kazi yake na bado awe ameibiwa. Nawajua mafundi wa mjengo wanaopita kando ya ghorofa na kuwaonyesha watoto wao: ile ni mimi niliisimamisha. Fahari yao ni ya haki kabisa. Hailipi kodi ya nyumba. Anayetumia fahari ya mfanyakazi kama sababu ya kumlipa kidogo ni mwizi mwenye maneno matamu. Na tukumbuke kwamba wale walioipenda zaidi, walioijua kazi ndani nje, ndio waliotia saini ile karatasi ya 1883.

Kwa hivyo nikirudi mtaani kwetu, hoja yangu ni hii. Hadithi ya kauboi inamfundisha kijana kwamba heshima iko kwenye kuvumilia peke yake. Usilalamike. Usijiunge na chama. Shida yako ni mtihani wa uanaume wako. Mwanasiasa anakusifu kwa kuhasla, kampuni ya simu inakuita mshirika, na wote wawili wanajua kwamba mtu anayejiona shujaa wa peke yake hatauliza asilimia. Kauboi alinunua tandiko lake kwa pesa yake, kwa hiyo alijisikia kama mwenye biashara. Mendeshaji wa pikipiki hununua mafuta, koti la mvua, bando na helmeti kwa pesa yake. Akianguka Mombasa Road, programu inamtafutia abiria mtu mwingine, kama vile msafara ulivyoendelea baada ya kaburi la mtoni.

Sisemi tuchome kofia. Vaa, cheza, imba hadi alfajiri; watu wale waliimba usiku kucha na walistahili kukumbukwa kwa nyimbo. Nasema tuwakumbuke wote, pamoja na yule wa mkiani mwenye vumbi kooni na wale 24 waliosimama pamoja, wakashindwa kwa sababu akiba yao iliisha kabla ya subira ya tajiri. Ukitaka kujifunza kitu kutoka kwao, jifunze hicho. Mgomo ni hesabu ya nani ana unga wa kutosha. Kabla hujaambiwa wewe ni mdosi wako mwenyewe, kaa chini na wenzako watano wa kituo chenu, mfungue simu, mlinganishe makato ya wiki hii, kisha muanze kuweka shilingi kando kwa ajili ya siku ambayo mtaamua kuzima programu kwa pamoja.